Syokimau, Mwaguzi wa Ukambani

Kuanzia milima ya Iveti hadi Katangi, katika nyanda za Yatta, jina la Syokimau lingali hai miongoni mwa Wakamba. Aliishi katika karne ya 19, kabla ya utawala wa Mwingereza, na maisha yake yametufikia kwa njia ya masimulizi.

Masimulizi hayo yanaeleza kuwa aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi, na wageni wenye ngozi kama nyama mbichi, waliobeba moto mifukoni. Baadaye viberiti vilikuja. Ujenzi wa reli nao ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwaka 1901.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Syokimau hakumbukwi kama mtu aliyeahidi kumzuia nyoka huyo. Aliwatayarisha watu wake kumtambua. Wenye mamlaka hawakuwa na maandalizi hayo: reli iliupita kando mji wa Machakos, uliokuwa makao ya utawala, na makao yenyewe yakahamishiwa Nairobi. Kitovu cha jana kikawa pembezoni.

Mabadiliko hayambishi mja hodi. Mja hupata nafasi yake ulimwenguni kwa kuyatambua yanapokuja, kama alivyofanya Syokimau. Tangu mwaka 2012, kituo cha treni nje kidogo ya Nairobi kinaitwa kwa jina lake, na nyoka aliyemwona husimama hapo.