Maria Montessori: Daktari aliyetanguliza kidole kabla ya kalamu

MARIA Montessori alizaliwa Chiaravalle, Italia, Agosti 31, 1870, na kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka wa 1896.

Alianza kwa kuwahudumia watoto wenye ulemavu wa akili, ambao wengi waliamini hawafundishiki. Baadhi yao walipofaulu mtihani wa kusoma na kuandika sawa na wenzao wasio na ulemavu, Montessori alijiuliza ni nini basi kilichowarudisha nyuma wale wenzao.

Jibu alilitafuta katika Nyumba ya Watoto, chekechea aliyoifungua Januari 6, 1907, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Humo herufi zilikatwa kwa karatasi ya msasa na kubandikwa kwenye vibao. Mtoto alipapasa herufi kwa kidole huku akitamka sauti yake, wala si jina lake. Hivyo mkono ulizoea umbo, na sikio likazoea sauti, kabla ya kalamu kushikwa.

Siku moja ya Desemba, mvulana wa miaka mitano aliyeombwa kuchora dohani kwa chaki alianza ghafla kuandika sakafuni, bila kuagizwa. Neno lake la kwanza lilikuwa mkono. Kusoma kulifuata baadaye.

Montessori alifariki Noordwijk, Uholanzi, Mei 6, 1952. Funzo lake lingali na uzito kwa kila mzazi anayeharakisha kumkabidhi mwanawe penseli: kwanza sauti na umbo, kisha maandishi.