Götzen kwenye mdomo wa Nyiragongo

Sisi wa Tabora tunapopanda treni ya Kigoma, tunasafiri kwa reli iliyofuata njia ya zamani ya misafara kwenda Ujiji. Kwa reli hiyo hiyo vilipitishwa vipande vya meli ya Wajerumani iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915. Leo tunaiita Liemba, lakini jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Huyo Götzen ni nani?

Gustav Adolf von Götzen alizaliwa mwaka 1866 katika ukoo wa makabaila wa Kijerumani, akawa mwanajeshi. Desemba 1893 aliondoka Pangani na mamia ya wapagazi, akaiacha njia yetu upande wa kusini, akaingia Rwanda na kuonana na mwami Rwabugiri. Juni 1894 alipanda Nyiragongo, akawa Mzungu wa kwanza kuchungulia ndani ya kasoko yake. (Wenyeji waliujua moto wa mlima huo tangu zamani.) Aliona sakafu ya mwamba, na mvuke ukitoka shimoni.

Mambo makubwa yalikuwa chini ya miguu yake. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, haikai huko kama maji katika mtungi mmoja. Kwa kuchunguza fuwele zilizomo ndani ya lava, wataalamu wametambua hifadhi mbili: moja karibu na juu, nyingine zaidi ya kilomita 10 chini. Magma ikikaa humo hupoa polepole. Fuwele hujitenga, kiowevu kinachobaki hubadilika, na gesi hutafuta pa kutokea. Katika volkano nyingi kiowevu hicho huzidi kuwa na silika, kikawa kizito kama ugali. Magma ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, hivyo hukimbia kama uji mwepesi. Januari 2002 ubavu wa mlima ulipasuka, lava ikaingia mjini Goma, ikateketeza maelfu ya nyumba na kanisa kuu la jimbo.

Mwaka 1901 Götzen alirudi kwetu akiwa gavana. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, askari wake walichoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa ikaua makumi ya maelfu ya watu kusini. Hatuwezi kumsifu mpanda mlima tukamnyamazia gavana. Aliondoka mwaka 1906, akatoa kitabu juu ya vita hivyo mwaka 1909, akafariki mwaka 1910 akiwa na miaka 44. Meli ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916. Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba.