Hayati Askofu Muge na Fumbo la Ajali ya Kipkaren

Ukitaja Busia mbele ya wazee wa eneo hili la Magharibi, wengi hukumbuka magendo, madaraja ya mpakani na foleni ya malori ya Malaba. Lakini wapo wanaokumbuka neno jingine kabisa: kitisho alichopewa askofu mmoja mwaka wa 1990. Mimi nilizaliwa miaka mingi baadaye, ila habari hiyo nimeisikia tangu utotoni, kila mtu na lake. Ndiyo maana nimeamua kuwaandikia wanachama wenzangu maisha ya mtu huyo.

Alexander Kipsang Muge alizaliwa mwaka wa 1948, akiwa Mnandi. Kabla ya kuvaa joho la kanisa alivaa sare ya kikosi cha GSU. Naam, askari wa kutuliza ghasia! Baadaye aliacha bunduki, akasomea theolojia hadi Uingereza, na mwaka wa 1983 akawa askofu wa kwanza wa dayosisi mpya ya Kianglikana ya Eldoret. Nafikiri uaskari huo ulimwachia ukakamavu, kwani hakuwa mtu wa kunong'ona. Alipinga upigaji kura wa mlolongo, ule wa kupanga foleni nyuma ya mgombea. Akasema waziwazi kwamba watu wa Pokot Magharibi walikuwa wanakufa njaa huku wakubwa wakikana. Akalaumu unyakuzi wa ardhi. Haya yote aliyatamka wakati wa chama kimoja, tena akitoka katika jamii moja na Rais Moi, jambo lililowaudhi wakubwa zaidi. Hata ndani ya kanisa kulikuwa na waliopishana naye.

Basi, mnamo Agosti 1990 Waziri wa Leba, Peter Habenga Okondo, ambaye alikuwa mbunge kutoka wilaya yetu ya Busia, alitangaza hadharani kwamba Muge na mwenzake Askofu Henry Okullu wakithubutu kukanyaga Busia wataona moto, na huenda wasitoke wakiwa hai. Muge alijibu kwamba atakuja, na kwamba akiuawa damu yake haitamwacha waziri huyo na amani. Tarehe 14 Agosti akaja kweli. Akahubiri, akasalimiana na watu, akaondoka salama. Njiani kurudi Eldoret, eneo la Kipkaren, gari lake likagongana na lori la maziwa. Akafa papo hapo akiwa na miaka 42 hivi.

Hebu fikiria gumzo lililozuka! Okondo alijiuzulu siku chache baadaye. Dereva wa lori akashtakiwa kwa uendeshaji hatari, akafungwa miaka 7, na akafia gerezani kabla hajakimaliza kifungo. Sasa hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Kesi ya uendeshaji hatari huuliza swali moja tu: dereva aliendeshaje? Haiulizi kama alitumwa.

Sayansi ya uchunguzi wa jinai ina njia zake za kuhoji ajali. Alama nyeusi za tairi hupimwa kwa futi ya kamba. Urefu wake huonyesha mwendo, na pahali zinapoanzia huonyesha dereva alishtuka lini. Kama hakuna alama kabisa, mchunguzi hujiuliza mbona mguu haukukanyaga breki. Mikwaruzo kwenye lami na vipande vya vioo huonyesha magari yalikutania upande wa nani. Paipu ya breki iliyopasuka yenyewe na iliyokatwa kwa kisu hazifanani chini ya hadubini. Hata balbu ya taa husema: waya wake ukiwa moto wakati wa kugongwa hupinda na kunyooka kama uzi, ukiwa baridi hukatika. Daktari naye huupasua mwili kuona kama kila jeraha linalingana na chuma kilichomgonga marehemu.

Shida ni kwamba ushahidi wa barabarani hauna subira. Sisi wa huku tunajua lori likianguka kati ya Malaba na Bungoma kinachotokea: kabla polisi hawajafika, umati umeshakanyaga kila kitu, na aliyekuja na mtungi ameshaujaza. Mvua ikinyesha jioni, alama zimekwenda.

Linganisha na kifo kingine cha mwaka huo huo. Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru mwezi Februari, na tarehe 16 mwili wake uliochomwa ukatangazwa kupatikana kilima cha Got Alila. Tangazo la kwanza lilidokeza eti huenda alijiua. Wachunguzi wa Scotland Yard wakiongozwa na John Troon walikuja, pamoja na mtaalamu wa maiti, Dkt. Iain West. Waliona risasi ya kichwani, mguu uliovunjika, na moto uliowashwa baada ya kifo. Maiti haiwezi kujimwagia mafuta. Hadithi ya kujiua ikaishia hapo. Muuaji hajapatikana mpaka leo, lakini uwongo mmoja ulizikwa.

Kwa Muge hakuna kilichozikwa ila yeye. Mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti mwaka wa 2013, afisa mmoja mstaafu wa ujasusi alidai kwamba ajali ile ilipangwa na serikali. Wengine hushikilia kuwa ilikuwa ajali kama nyingine nyingi za barabara ile. Kwa maoni yangu kitisho cha waziri si ushahidi wa mauaji, wala kifungo cha dereva si ushahidi wa ajali. Hata vipimo bora vingeeleza tu lori lilivyohama upande wake. Nani alinufaika, hilo lilihitaji mashahidi, na shahidi mkuu alifia jela.

Mwaka wa 2022 Kenya ilifungua maabara kubwa ya taifa ya uchunguzi wa jinai jijini Nairobi. Mifupa inaweza kuchunguzwa humo hata baada ya miaka 30. Alama za tairi za Kipkaren haziwezi.