Hukwe Zawose: wa ridhaa au wa kulipwa?

Juzi kwenye harusi moja Igoma, mshkaji wangu alipiga marimba ya vidole kuanzia saa mbili usiku mpaka saa sita. MC kalipwa, DJ kalipwa, yeye kapewa pilau na soda. Eti muziki wa asili ni wa ridhaa! Nikamkumbuka marehemu Hukwe Zawose.

Mzee huyu alizaliwa Doduma, mkoani Dodoma, mwishoni mwa miaka ya 1930. Muziki aliurithi kwa baba yake. Kwa Wagogo, mtu alilima, akachunga ng'ombe, jioni akashika ilimba na kuzidonoa zile chuma kwa vidole gumba. Ni kama Bagika na Bagalu wetu huku Usukumani, wanashindana baada ya mavuno halafu kila mtu anarudi shambani kwake. Hakuna aliyeishi kwa muziki peke yake.

Mwalimu Nyerere ndiye aliyemwita Dar. Serikali ilikuwa inataka sanaa ya taifa, kwa hiyo Hukwe akawa mtu wa kazi hiyo hiyo. Baadaye akahamia Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanza 1981, akapiga na kufundisha. Mwaka 1996 Real World ya Uingereza wakatoa albamu yake ya Chibite, na mwaka 2002 akatoa Assembly na Michael Brook. Alizunguka dunia na ilimba yake. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003.

Sasa jiulizeni wadau, ni lini hasa Hukwe alikuwa fundi? Ufundi alitoka nao Doduma, kabla hajaona mshahara. Kilichoongezeka ni mtu wa kulipa.

Na familia haijalala. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaoitwa The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha mwaka 2024. Wanapiga ala ambazo zamani zilikuwa za wanaume.

Mimi naona hivi: ridhaa maana yake mtu amekubali mwenyewe. Mshkaji wangu hakuulizwa. Akipiga bure kwa shangazi yake, hiyo ni ridhaa. Ukumbi wa kukodi wenye DJ wa kulipwa, hiyo ni dhuluma tu.

Nawakilisha. Dondosheni maoni hapo chini, matusi hapana.