Fundi Konde, Mtu wa Pwani Aliyelitangulia Gitaa la Umeme

Msomaji, ukifika Nyeri, Karatina au Nanyuki usiku utalisikia gitaa la mugithi: mpigaji mmoja, na ukumbi mzima unacheza. Kijana wa huko akitaka mlio wake uwe sawasawa hununua kompresa, kijisanduku cha kukanyaga kwa mguu. Wachache wajuao kwamba miongoni mwa waliotangulia kupiga gitaa la umeme Afrika Mashariki alikuwa mwenzetu wa pwani.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924, nchi ya Wagiriama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles, akiwatumbuiza askari. Baada ya vita alirekodi santuri nyingi, na baadhi ya zile za 1947 hadi 1956 zilitolewa upya mwaka 1994.

Zama hizo kompresa ya mguu haikuwako. Usawa wa sauti ulitoka vidoleni, na kosa likishaingia katika santuri halikufutika.

Kompresa hupunguza kishindo, na sauti ndogo ikapata kusikika. Anayeichagua na aijaribu kwa gitaa lake mwenyewe, asikilize kama inavuma. Aanze kwa kubana kidogo, kisha sauti iwe kiasi kile kile, imewashwa au imezimwa. Akizidisha, mapigo yote hulingana na wimbo hupoa.

Marehemu Konde alifariki mwaka 2000. Kabla ya kwenda dukani, kijana na azisikilize kwanza santuri zake.