Chifu Mangungo wa Msovero

Katika Tanzania mtu akitia sahihi mkataba mbaya huitwa Mangungo. Mangungo mwenyewe alikuwa mtawala wa Msovero, hapa hapa wilayani Kilosa, katika nchi ya Wasagara. Mwezi wa Novemba 1884 alifikiwa na Mjerumani, Karl Peters, wakafunga mkataba wa urafiki wa milele. Siku zile urafiki na mgeni ulikuwa undugu. Machifu wengine walichanjiana damu na Peters. Kumbe karatasi ile ya Kijerumani ilisema nchi yote imetolewa! Sisi wa Kidato cha Nne, nani angaliweza kuisoma? Februari 1885 Kaizari akaipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi. Peters alifukuzwa utumishini mwaka 1897 kwa ukatili alioutenda Kilimanjaro, lakini jina lililogeuka tusi ni la Mangungo.