Mt. Alberto Mkuu: Je, Mmea Unahisi?



Si mnakijua kifauwongo? Ukikigusa tu, kinakunja majani kama mwenye haya. Je, kinahisi? Kinamkumbuka aliyekigusa jana? Maswali kama hayo yalimshughulisha mtakatifu mmoja wa karne ya 13.

Alberto alizaliwa Lauingen, Ujerumani, karibu na mwaka 1200. Alisoma Padova, Italia, akajiunga na Wadominiko. Baadaye alifundisha Paris na Köln, na Thoma wa Akwino alikuwa mwanafunzi wake. Alipokuwa mkuu wa Wadominiko wa Ujerumani alisafiri kwa miguu, huku akichunguza majani, maua na matunda.

Akaandika kitabu kikubwa kuhusu mimea. Humo aliuliza bila woga: mmea una roho? Unahisi? Unalala? Akimfuata Aristotle, alijibu kwamba mmea una roho, lakini ni ya uhai tu: kujilisha, kukua na kuzaa. Kuhisi ni kwa wanyama, na akili ni kwa binadamu. Leo wapo wanasayansi wanaosema mmea unaweza hata kujifunza, na wenzao wanabisha. Alberto asingeogopa mjadala huo, maana kwake kuchunguza viumbe ni kuitazama kazi ya Muumba.

Mwaka 1260 aliteuliwa Askofu wa Regensburg. Baada ya miaka miwili hivi akang'atuka, akarudi kwenye vitabu na mahubiri.

Halafu uzee ukaja. Inasimuliwa kwamba kumbukumbu ilimtoka. Yaani mwalimu aliyejua mambo mengi hivyo, akasahau! Je, alishuka akawa kama mmea? Hapana. Roho aliyopewa na Mungu ilibaki ile ile, ya binadamu, hata kumbukumbu ilipochoka.

Alifariki Köln tarehe 15 Novemba 1280. Mwaka 1931 Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa. Mwaka 1941 Papa Pius XII akamfanya msimamizi wa wanasayansi.

Kijana, kwenu kuna bibi au babu anayesahau hata jina lako? Usikubali mtu aseme eti amebaki kama mti. Kaa naye, mshike mkono, salini pamoja Salamu Maria. Yeye akisahau, Mungu hamsahau.

Mtakatifu Alberto Mkuu, utuombee!